Mhuni na Binti wa Ndani

Kijana akishashindikana, kikao huitwa. Amefukuzwa kazi ya pili, pikipiki aliyonunuliwa kaiweka rehani, na juzi kaletwa nyumbani usiku akikokotwa na wenzake. Baba mtu hasemi kitu. Mjomba anataka apelekwe shamba akalime. Kisha shangazi, ambaye katika mambo haya ndiye mwenye neno la mwisho, anakata shauri: "Huyu dawa yake mke. Mwozesheni, atatulia." Na mke anayezungumzwa hapo si yeyote tu. Hatakiwi msichana wa mjini aliyekwisha kuona mengi. Anatafutwa mtoto wa watu, mtulivu, aliyelelewa ndani, asiyejua baa ina milango mingapi, ambaye hata akiulizwa jina hujibu akitazama chini. Yaani aliyekulia mbali kabisa na maradhi ya kijana ndiye anayetarajiwa kuyaponya.

Wazo hilo si la mashangazi wetu peke yao. Liondolee kikao, litie muziki, na unapata mojawapo ya hadithi za mapenzi zilizouzwa sana duniani. Mwaka 1740 peke yake ilitoka mara mbili. Uingereza, Samuel Richardson alichapisha Pamela, riwaya ya mtumishi wa miaka 15 anayesumbuliwa, anatekwa na kufungiwa na bwana wake, hadi bwana anapoyeyuka moyo na kumwoa. Ufaransa, Madame de Villeneuve akatoa kisa cha binti mrembo na mnyama wa kutisha ambaye kumbe ndani yake mna mwana wa mfalme. Ukija hadi Fifty Shades of Grey ya mwaka 2011, tajiri mwenye makovu ya utotoni na mwanafunzi asiyewahi kuwa na mpenzi, umevuka karibu karne tatu na kiini hakijahama: mwanamume mwenye jeraha, msichana asiyeijua dunia, na ahadi kwamba usafi wa mmoja utaosha uchafu wa mwingine.

Ubishi juu ya hadithi hizi huzunguka palepale siku zote. Wengine wanasema zinawadanganya wasichana, kwa kuwa mlevi habadiliki kwa kupendwa. Wengine wanajibu kwamba wamewaona kwa macho yao waliobadilika. Pande zote mbili zinamtazama mwanamume. Mimi naona swali lenye faida liko upande wa pili: siku mwanamke anapoamua kubaki naye, mkononi ana nini? Zichambue hadithi zilizoishia vizuri na utakuta jibu limeandikwa waziwazi, ila watazamaji, wakiwa na leso machoni, hulipita.

Chukua Awaara, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951 ya Raj Kapoor. Unguja na Dar es Salaam iliwateka watu katika miaka ya 1950 na 1960, wakairudia na kuirudia. Majumba ya sinema ya Unguja yalikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, kwa hiyo hata mabinti waliotawishwa walipata kwenda. Nadhani wapo bibi waliojifunza kumhurumia mwizi mle gizani kabla hawajaruhusiwa kusalimiana na kijana barazani.

Mwizi mwenyewe ni Raju. Baba yake ni hakimu mkubwa, Raghunath, anayeamini kwamba mtoto wa mwizi huzaliwa mwizi na mtoto wa mtu mwema huzaliwa mwema. Jambazi aliyewahi kuhukumiwa naye kwa imani hiyohiyo anamteka mke wake ili kulipiza kisasi. Mke anarudishwa, anaonekana ana mimba, na hakimu, akisikiliza minong'ono ya watu, anamfukuza usiku wa mvua. Raju anazaliwa mtaroni, anakulia Bombay katika vibanda, na anayemlea kikazi ni jambazi yuleyule. Rita, rafiki yake wa utotoni, anaishia kulelewa na hakimu. Hapo pana jambo ambalo watu huliona wakishaitazama mara ya pili: nyumba iliyomtupa mmoja nje ndiyo iliyomfungia mwingine ndani kwa mapenzi. Mhuni na binti wa ndani ni mazao ya nyumba moja.

Kuna tukio ambalo laiti ningekuwa mwalimu wa fasihi ningelitumia muhula mzima. Ni siku ya kuzaliwa ya Rita. Hakimu amemnunulia mkufu, na njiani kibaka amempora. Kibaka huyo ni Raju, ambaye naye anataka zawadi ya kumpa Rita. Karamuni hakimu anatoa kisanduku, kinafunguliwa, ni kitupu. Raju ameshatoa mkufu usio na kisanduku. Rita anatazama kimoja, anatazama kingine. Hakuna anayehitaji kumwambia lolote.

Binti wa ndani wa hadithi za kawaida angelia, angesamehe, au angezirai. Rita ni wakili. Anafanya anachofanya wakili, anakwenda kuuliza. Anamfikia mama yake Raju na kusikia kisa tangu mwanzo. Baadaye Raju anaposhtakiwa, ni Rita anayesimama mahakamani kumtetea, na anayebanwa naye kwa maswali ni hakimu mwenyewe, mlezi wake. Raju anafungwa miaka mitatu. Rita anasema atamngoja. Watu hulia hapo. Lakini angalia anayengoja ni nani: mwanamke mwenye taaluma, mwenye pa kulala, ambaye miaka mitatu ikiisha na mwanamume akitoka gerezani na tabia zilezile, anaweza kufungua jalada jingine na kuendelea na maisha yake. Kungoja kwake ni hiari. Huruma yake ina miguu ya kuondokea.

Filamu yenyewe si safi. Ufukweni kuna mahali Raju anampiga Rita, na jambo hilo linapitishwa kama sehemu ya mahaba, kana kwamba mapenzi ya mhuni bila kofi hayajakolea. Nimewasikia watu wazima wakilitetea kwa kusema ndivyo zamani zilivyokuwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilikwisha kuandika katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kipigo, basi hata hiyo zamani ilikuwa na watu waliojua.

Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, ni miongoni mwa hadithi hizi zinazopendwa sana kwa Kiingereza, na wengi huikumbuka vibaya. Hukumbuka bwana Rochester mwenye uso mgumu, jumba la Thornfield, mwalimu yatima wa miaka 18 aliyetoka shule ya bweni ya Lowood bila kujua lolote la dunia, na mapenzi yanayoshinda yote. Husahau kwamba mapenzi hayakushinda. Siku ya harusi, kanisani, inafichuka kwamba Rochester ana mke, Bertha Mason kutoka Jamaika, aliyefungiwa ghorofa ya juu ya jumba hilohilo. Rochester anajitetea, analia, anamwomba Jane waende Ufaransa wakaishi pamoja hivyohivyo. Anaeleza dhiki zake zote, na ni dhiki za kweli. Jane anampenda. Alfajiri anatoroka.

Brontë hakumpa safari ya kishairi. Jane ana shilingi 20, zote zinakwenda kwa nauli, na kifurushi chake anakisahau garini. Analala porini, anaomba chakula, anakula uji uliokuwa unatupwa kwa nguruwe. Mwandishi alitaka tujue gharama ya kuondoka kwa mwanamke asiye na kitu, senti kwa senti. Kisha anamrithisha pauni 20,000 za baba yake mdogo aliyefia Madeira, na Jane anazigawa na binamu zake watatu kila mmoja apate 5,000. Ndipo anaporudi. Anamkuta Rochester jumba limeungua, mkono mmoja hana, macho hayaoni. Anapomwoa, mwenye fedha, nguvu na njia ya kutokea ni yeye. Uingereza ya siku zile, mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa mikononi mwa mumewe. Sheria za kumwachia mali yake zilipitishwa mwaka 1870 na 1882. Brontë hakuwa na namna ya kubadili sheria, akambadili bwana harusi.

Na bado kuna doa. Mke wa kwanza, aliyekufa jumba lilipoungua, hana hata sentensi moja ya kujieleza; tunalo neno la Rochester tu kwamba alikuwa mwendawazimu. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika, alikasirika kiasi cha kuandika Wide Sargasso Sea, iliyotoka mwaka 1966, ambamo Bertha naye ni msichana aliyekulia ndani, akaolewa na Mwingereza mwenye chuki na nafsi yake, akavunjikavunjika. Ukizisoma mbili kwa pamoja, unaona kwamba Rochester alikwisha kupewa binti wa ndani hapo kabla. Dawa ilishajaribiwa, mgonjwa akamla tabibu.

Riwaya ya Kiswahili imeliendea suala hili kwa njia yake, na kwa maoni yangu kwa ujasiri kuliko zote hizo. Waandishi wetu wa kuanzia miaka ya 1970 walikataa kuanza na mhuni wa nje. Walianza na aliyeshika ufunguo.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, mlevi ni Zakaria, baba yake Rosa, huko Ukerewe. Ndiye anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Nyumba nzima inaishi kwa hofu ya mtu ambaye hawezi kujilinda na pombe lakini amejipa kazi ya kulinda heshima ya wanawake. Rosa akitoka pale kwenda shule ya bweni hajui mwanamume ni nini, ila kitu cha kuogopa. Anayemjia kwanza kwa maneno matamu hahitaji hata kuwa mjanja. Yanayofuata yalisababisha kitabu kipigwe marufuku mashuleni, watu wakidhani kosa lake ni kusema mambo ya chumbani. Kosa kubwa zaidi, ambalo wazazi wengi hawakulisamehe, lilikuwa kumweka baba kizimbani.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alilipeleka jambo hilo kwenye nyumba ya mwambao. Bwana Maksuudi anamfungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna, mlango ukilindwa kama hazina, huku yeye nje akiwa na mambo yasiyotajika mbele ya watoto. Maimuna anapoupata mlango wazi, anakwenda moja kwa moja kwenye maisha ya ulevi na danguro. Wasomaji humlaumu: mbona alikimbilia kubaya? Nami huuliza, kuzuri angekujuaje? Hakuna aliyemwonyesha njia yoyote, nzuri wala mbaya. Kufungiwa hakukumpa usafi wa kumwosha mtu, kulimnyima ramani.

Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, hatimaye tunampata kijana mwenyewe. Idi ni mtu wa mkono wa mzee tajiri, Mwinyi, na anatumwa kumsaidia mzee kumpata Bahati, msichana maskini anayeishi na mama yake. Idi anampenda Bahati na anapenda mali ya Mwinyi kwa wakati uleule, na hajui, au hataki kujua, kipi kinazidi. Anamwoa. Ukimfuatilia baada ya harusi utaona mwandishi hakumtia ushetani wowote wa ghafla. Tamaa iliyokuwepo siku ya posa ndiyo iliyoendelea kukua. Bahati hakuibadilisha kwa sababu haikuwahi kuwa juu yake. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli na yalipakwa mahali pasipo na jeraha.

Haya ni ya vitabuni. Historia yetu inayo ya kweli, na inavuruga picha ya binti wa ndani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akakulia katika majumba ambamo wanawake hawakuonana na wanaume wa nje. Mtu angesema hajui kitu. Lakini kusoma walifundishwa, kuandika hapana, naye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, Barghash alipopanga njama dhidi ya ndugu yao Sultani Majid, mwandishi wa barua za njama alikuwa msichana huyo, hata miaka 16 hajafikisha. Aliyezungukwa na kuta huweza kuwa na akili kali kuliko anayepita nje yake.

Jirani yake mjini alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg. Huyu hakuwa mhuni wala mlevi. Taabu aliyokuwa nayo ni kwamba kila kitu juu yake kilikatazwa. Salme akashika mimba, na mwaka 1866 akaondoka kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden, ambako alibatizwa na kufunga ndoa mwaka uliofuata. Hadithi ya mapenzi ingekomea hapo. Mwaka 1870 mume aligongwa na tramu huko Hamburg akafa, akimwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakujua hata baridi yake inavaliwa nini. Kwa kubadili dini alikuwa amepoteza urithi wa kwao. Alifundisha Kiarabu ili aishi, mwaka 1885 akarudi Unguja pamoja na meli za vita za Wajerumani akidai haki yake, na Barghash, yuleyule aliyekuwa akimwandikia barua, akakataa hata kumwona. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka uliofuata. Ruete hakumkosea. Kilichomwangusha ni kwamba mapenzi yake yalikuwa na mlango mmoja tu nyuma yake, na ulipofungwa hakukuwa na wa pili.

Hapo ndipo kikao cha familia kinapopaswa kuulizwa maswali magumu. Kwa Wakurya wa Mara, ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya dada mara nyingi ndio wanaokwenda kumwolea kaka. Dada huyo akipelekwa kwa mlevi na kurudi nyumbani akiwa na uso uliovimba, anakuta marejeo yake yanatikisa ndoa mbili. Baba anamwambia arudi kwa mumewe, na si kwa ukatili. Ng'ombe hawapo zizini. Kwa Waislamu mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, na ipo njia ya khului, ambayo mke huitumia kujivua kwa kurudisha mahari. Njia hiyo inategemea kwamba mahari alipewa yeye, na anayo bado. Wangapi waliozeshwa kwa kimbilio la "atatulia" wanaweza kuonyesha mahari yao ilipo?

Mahakama zimekuwa zikiliona hili polepole. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo aliyepika na kulea kwa miaka 20 aliweza kutoka na begi la nguo. Sheria ileile ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, mvulana miaka 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba jambo hilo linavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikalithibitisha mwaka 2019. Binti wa miaka 15 aliyepewa mwanamume wa kutulizwa hana ujinga wala hiari inayoweza kusifiwa katika riwaya. Hana tu mahali pengine.

Na mwanamume? Simdharau. Wenye dhiki wengi hawakujitafutia, kama Raju asivyochagua mtaro. Ila maradhi yana matibabu yake. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini. Mgonjwa huja kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kwa miezi na miaka, na bado wapo wanaoteleza. Unguja zipo nyumba za watu wanaojinasua na dawa za kulevya, zinazoendeshwa mara nyingi na waliopita humohumo. Kazi inayowashinda madaktari na waliokwisha kupona, sisi tunamkabidhi msichana aliyepata mafunzo ya jioni moja ya kicheni pati, na somo wake amemfundisha upishi, manukato na kunyamaza.

Siku hizi hadithi hizi zinakuja kwenye simu, nyingine zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Kabir Singh, filamu ya mwaka 2019, iliwavuta watu wengi India na kuwagawa wengine. Kabir ni daktari wa upasuaji, hodari, mwenye hasira zisizo na breki. Anamwona Preeti, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kuwatangazia wenzake kwamba huyo ni wake kabla hajamuuliza. Preeti hazungumzi sana. Familia ya msichana inakataa, anaozwa kwa mwingine, na Kabir anazama kwenye pombe. Huo ndio uzani wa filamu: chupa, mbwa wake, marafiki wanaomwokota sakafuni, leseni yake ya udaktari, bibi yake anayefariki. Mwishoni anamkuta Preeti ana mimba kubwa. Kwa maneno machache Preeti anaeleza kwamba alimwacha mume siku chache tu baada ya harusi, hakuguswa naye, mtoto ni wa Kabir. Wanapatana, wazazi wanapatana, harusi inapigwa. Miezi yote ile alikuwa akiishi kwa nani, alikula nini, na nani aliyempeleka kliniki, watengenezaji hawakuona sababu ya kuelekeza kamera huko hata dakika mbili.